Moshi kwenye boksi la spika: namna ya kuchagua rezista ya twita

Mpwa wangu wa Kisauni anatengeneza maboksi mawili ya spika kwa ajili ya harusi ya dadake. Mbao keshakata, wufa za inchi 12 keshanunua, na twita za kombe kazipata kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya bendi. Juzi usiku akanipigia simu. "Mjomba, zapiga vizuri, lakini twita yalia kama kipenga. Mama asema kama ndio hivi, bora waje wapiga vugo, spika nikae nazo mwenyewe. Nitie rezista gani?"

Nikamwambia angoje nimwandikie, maana jawabu la haraka haraka ndilo lililoniponza mimi. Kisha nikaona nikiandika niandike hapa, kwa sababu najua Pwani kuna vijana wengi wanaojijengea maboksi, na wote huambiwa neno moja tu: "tia rezista." Ya omu ngapi, ya wati ngapi, ikae wapi, hakuna anayesema.

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini huu ni mwaka wa sita niko Karatina, huku chini ya Mlima Kenya. Nina kibanda cha ufundi karibu na soko, na wenyeji huniita Mswahili, hata wale wanaozungumza Kiswahili kunishinda kwa kasi. Kazi nyingi ni redio, chaja na wufa za nyumbani. Mwaka juzi kikundi cha kina mama wanaouza viazi na karoti sokoni waliniletea maboksi mawili makubwa. Walikuwa wamechanga pesa wakayanunua ili wayakodishe kwenye harusi, ruracio na mikutano. Shida yao ilikuwa hiyo hiyo ya mpwa wangu. Sauti ya juu ilikuwa kali mno, wazee wakiketi mbele wanaziba masikio, na watu wameanza kukodi kwingine.

Kombe lile halikuwa bovu. Spika huandikiwa kiasi cha sauti inayotoa ikipewa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Wufa zao ziliandikwa desibeli 92, na twita desibeli 98. Kwa hiyo zikipewa nguvu sawa twita inaipita wufa kwa desibeli 6, na sikio linasikia kipenga. Twita za kombe karibu zote huwa hivyo, maana kombe linakusanya sauti na kuisukuma mbele, kama mtu anayeita kwa kukunja viganja mdomoni. Dawa ni kupunguza umeme unaofika kwenye twita, na kitu cha kupunguza ni rezista. Hadi hapo nilikuwa sawa.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua rezista moja ya omu 8.2, ya wati 5, ile nyeupe ya saruji, nikaitia njiani kwenye waya wa twita, nikaibandika kwenye ubao kwa gundi ya moto, nikafunga boksi. Nikapiga muziki wa kiasi kibandani. Sauti ikawa tamu, kina mama wakafurahi, wakanilipa.

Jumamosi ya pili yake kulikuwa na ruracio nje kidogo ya mji. Kijana wa muziki akaona sauti ya juu imepungua, akaongeza amplifaya. Baada ya saa mbili watu wakasikia harufu ya kuungua, kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye tundu la boksi moja. Gundi ilikuwa imeyeyuka, rezista ikaangukia sponji la ndani, na sponji likaanza kufuka. Bahati nzuri kuna mtu alikuwa na akili ya kuchomoa waya. Twita zote mbili zilikuwa zimekufa. Kina mama wakarudisha nusu ya malipo, na kiongozi wao alipokuja kibandani hakupiga kelele. Aliniwekea ile rezista nyeusi juu ya meza, akasema, "Fundi, hii ni yako." Sikuwa na neno.

Nilikaa na ile rezista siku nyingi. Sasa nitaeleza nilichokosea, na hapo ndipo penye jawabu la mpwa wangu.

Kosa la kwanza lilikuwa kutia rezista moja badala ya mbili. Ndani ya boksi kulikuwa na krosova nyepesi. Wufa ilikuwa na koili yake, na twita ilikuwa na kapasita moja ya mikrofaradi 4.7. Kapasita ni bawabu. Sauti nyembamba inaziachia, sauti nene inazizuia, ili besi isiingie kwenye twita na kuivunja. Lakini bawabu huyu hafanyi kazi peke yake, anategemea omu zilizo mbele yake. Akiwa na omu 8 mbele, anaanza kufungua mlango kwenye hezi 4,200 hivi. Nilipotia omu 8.2 njiani, mbele yake kukawa na omu 16 na zaidi, na mlango ukashuka hadi hezi 2,100. Twita ile haikujengwa kubeba sauti za huko.

Mtu atauliza: kwani rezista si imepunguza kila kitu? Hapana, na hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Chukua sauti nyembamba kabisa. Bila rezista, twita inapata volti zote, tuseme 100 kwa 100. Kwa rezista yangu moja inapata 49. Vizuri. Sasa chukua sauti ya hezi 1,000, ambayo ni ya katikati, ya watu wanaoongea na kuimba. Bila rezista, kapasita inaruhusu 23 kwa 100. Kwa rezista yangu, 21. Karibu hakuna kilichopungua! Yaani nilikata kile ambacho twita inakiweza, nikaacha kile ambacho haikiwezi. Kisha kijana akaongeza amplifaya ili arudishe mng'ao uliopotea, na zile sauti za katikati zikapanda nazo, zikaichemsha twita mpaka ikafa.

Kwenye krosova yenye kapasita na koili pamoja upande wa twita, rezista moja ina ubaya mwingine. Koili na kapasita zikikosa omu zilizopangiwa, sauti huvimba pale pale penye mpaka, na kinachotoka ni makelele ya puani.

Dawa ni rezista mbili. Moja inakaa njiani kwenye waya wa chanya, baada ya kapasita. Ya pili inakingama kwenye miguu miwili ya twita yenyewe, kutoka chanya hadi hasi. Ile ya njiani inaongeza omu, ile ya kukingama inazipunguza, na zikichaguliwa sawa kapasita inaendelea kuona omu 8 kana kwamba hakuna kilichoguswa. Mlango unabaki kwenye hezi 4,200, na kila sauti inapungua kwa kipimo kimoja. Ile ya hezi 1,000 inashuka kutoka 23 hadi 12. Sasa umepunguza kelele na umeilinda twita kwa wakati mmoja.

Kwa twita ya omu 8, hizi ndizo namba ninazotumia. Ukitaka kupunguza desibeli 3, tia omu 2.2 njiani na 18 ya kukingama. Desibeli 6 ni 3.9 njiani na 8.2 ya kukingama. Desibeli 10 ni 5.6 njiani na 3.9 ya kukingama. Ukitafuta hesabu kamili utapata tarakimu zenye mikia mirefu, lakini madukani rezista huuzwa kwa namba maalumu, na hizi ndizo zilizo karibu. Tofauti iliyobaki sikio halitaijua.

Kosa la pili lilikuwa wati. Omu zinakwambia rezista itazuia kiasi gani, wati zinakwambia itavumilia joto kiasi gani kabla haijaungua. Nguvu unayoinyima twita haipotei hewani, inageuka joto ndani ya rezista. Amplifaya ya kina mama ilikuwa ya wati 100. Sehemu kubwa ya nguvu za muziki iko chini, kwenye besi, ngoma na sauti za watu, na huko juu hufika kidogo. Mimi sasa huchukua moja ya tano ya nguvu za amplifaya kuwa ndiyo inayoweza kupita njia ya twita, nikijua kwamba kwa muziki safi ninazidisha. Nazidisha kwa makusudi, kwa sababu vijana wa muziki hawapigi safi. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake mawimbi yanakatwa vichwa, na mawimbi yaliyokatwa vichwa huzaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwamo kwenye muziki. Zote hizo huelekea kwenye twita.

Moja ya tano ya 100 ni wati 20. Kwa rezista yangu moja, volti hizo hizo zingeleta wati 10 hivi, nusu kwenye twita na nusu kwenye rezista. Yaani wati 5 kwenye rezista ya wati 5, hata kabla kijana hajagusa amplifaya. Tena hizo wati 5 za kiwandani huhesabiwa rezista ikiwa mahali pa wazi, hewa inapita. Mimi niliifungia ndani ya boksi lenye sponji. Watu hapa waliniambia labda baridi ya Julai ingeisaidia. Baridi ya Karatina naijua, inafika kwenye mifupa, lakini haiingii ndani ya boksi.

Mara ya pili nilifanya hivi, na ndivyo ninavyomshauri mpwa wangu. Kwa kila boksi nilinunua rezista tatu za namna moja, omu 8.2, wati 10. Mbili nikaziunganisha ubavu kwa ubavu, mguu kwa mguu, zikawa kama rezista moja ya omu 4.1 yenye wati 20. Hiyo ikakaa njiani. Ya tatu ikakingama kwenye twita. Ukipiga hesabu utaona jambo la kupendeza: zile wati 20 zinagawanyika mafungu manne karibu sawa, kama watu wanne kwenye sinia moja. Kila rezista inakula wati 5, na twita inakula wati 5. Kila rezista inafanya kazi nusu ya uwezo wake, na hapo ndipo inapodumu. Tena unanunua aina moja tu, huwezi kuchanganya wakati wa kuchoma lehemu usiku umeme ukiwa hafifu.

Kuhusu kusoma rezista: hizi za saruji hazina mistari ya rangi, zimeandikwa. Ukiona 10W8R2J, maana yake wati 10, omu 8.2 (herufi R inakaa mahali pa nukta), na J ni kwamba inaweza kukosea asilimia 5 juu au chini. K ni asilimia 10. Zote zinafaa kwa kazi hii. Lakini usiamini maandishi peke yake, tazama na umbo. Ya wati 5 ina urefu wa sentimita 2 na kidogo, ya wati 10 inakaribia sentimita 5. Ukiuziwa ndogo iliyoandikwa 10W, rudisha. Joto linahitaji ngozi ya kutokea, na kitu kidogo hakina ngozi.

Ipime na mita kabla ya kuitia. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita zenyewe uone inasoma ngapi, kwa kawaida huwa sehemu ndogo ya omu, kisha uitoe kwenye jibu lako. Twita yako nayo ipime. Iliyoandikwa omu 8 husoma 6 hivi kwenye mita, na hiyo si kasoro. Mita inapima waya ukiwa umelala, na 8 ni hesabu ya waya ukiwa unapiga muziki. Lakini ikiwa mita haisomi chochote, kana kwamba waya umekatika, na twita inalia, basi hiyo si ya koili, ni ya piezo. Maboksi mengi ya bei rahisi yana hizo. Namba nilizotoa hazifai kwake mpaka kwanza uikingamishie rezista ya omu 8.2, ili kapasita iwe na kitu cha kuegemea. Baada ya hapo unaihesabu kama twita ya omu 8. Na usijaribu kupima volti za sauti za juu kwa mita ya bei rahisi. Imetengenezewa umeme wa nyumbani wa hezi 50, huko juu husema uongo.

Nije kwenye jambo ambalo vijana hunibishia. Rezista za saruji ndani yake ni waya uliozungushwa, na waya uliozungushwa ni koili, kwa hiyo husemwa zinaharibu sauti nyembamba na lazima ununue zile za bei kubwa zisizo na koili. Tukadirie rezista ina mikrohenri 5. Kwenye hezi 20,000, ambapo watu wazima wengi hatusikii tena, hizo ni kama omu 0.6, na kwa jinsi zinavyojumlishwa, omu 4 inakuwa 4.05. Mtu anayesikia hiyo kwenye harusi, watoto wakikimbia na masinia yakigongana, nitampa kibanda changu. Pesa yako itie kwenye wati, si kwenye jina.

Ila kwa watu wa Pwani kuna jambo ambalo huku bara halina uzito. Rezista nyingine miguu yake ni chuma kilichopakwa shaba na bati. Karatina itakaa miaka. Kisauni, na hewa ya chumvi, mguu unaota kutu pale ulipokunjwa, na siku moja boksi linaanza kukwaruza. Beba sumaku ndogo dukani, uiguse ncha ya mguu, si mwili, maana vifuniko vya ndani huweza kuwa vya chuma hata mguu ukiwa wa shaba. Ncha ikishikwa na sumaku, tafuta nyingine, au baada ya kuchoma lehemu paka vanishi kwenye miguu.

Kosa la tatu lilikuwa kuitia vibaya. Gundi ya moto ni kwa mapambo. Rezista ya saruji ikifanya kazi kwa bidii inaweza kupita nyuzi 100, na gundi inayeyuka kabla ya hapo. Sasa nazisimamisha juu ya ubao wa krosova kwa miguu yake mirefu, zikae sentimita 1 kutoka kwenye mbao, na nazifunga kwa waya wa shaba, si kwa plastiki. Kapasita ziko mbali nazo, maana joto huzikausha. Sponji na pamba viko upande mwingine kabisa wa boksi, na mbele yake nimepigilia wavu ili visitembee boksi linapobebwa kwenye pikipiki.

Sasa, desibeli ngapi? Kama maandishi ya spika unayo, toa ya wufa kwenye ya twita. Kama huna, tumia sikio. Tia rezista kwenye boksi moja tu, yaweke yote mawili kando kando, na usipige muziki. Fungulia redio, msomaji wa taarifa ya habari. Sikiliza anavyotamka "s" na "sh". Zikikutoboa, punguza zaidi. Zikififia hadi "saa" inakaribia kuwa "thaa", umepitiliza. Anza na desibeli 3, kisha 6. Kumi ni kwa makombe ya kupigia mikutano ya hadhara.

Kina mama niliwatilia twita mpya kwa pesa yangu. Shughuli ya kwanza baada ya hapo nilikwenda mwenyewe, nikaketi nyuma ya boksi saa nne nzima, kila baada ya wimbo naingiza pua kwenye tundu nikinusa. Kiongozi wao akaniletea chai. Akasema, "Fundi, leo mzee wangu ameketi mbele na hajaziba masikio." Kisha akaniuliza kama nitakula au nitaendelea kunusa.

Nilipomsomea mpwa wangu haya yote kwenye simu, akaniambia duka la karibu naye halina rezista za wati 10. Lina za omu 3.9, wati 5, tele. Hizo pia zitafanya. Mbili zikifuatana kwa mkia ni omu 7.8 na wati 10, kwa hiyo kila mahali niliposema rezista moja ya 8.2 aweke jozi moja. Ni sita kwa boksi, 12 kwa maboksi mawili, na anunue moja au mbili za akiba. Ubao utajaa kidogo, lakini joto nalo litapata pa kutokea. Harusi ni mwisho wa mwezi. Nitashuka kwa basi la usiku, na mita yangu nitakuja nayo.